Rweya yako iko wapi? Nilivyojifunza kulima matandazo Mkuranga

Mwaka 2017 nilinunua eka 2 Mkuranga, ndani kidogo ukishaacha barabara ya Kilwa, na kwa mwaka mzima na nusu kazi kubwa niliyokuwa naifanya haikuwa kulima, ilikuwa kutafuta majani ya kufunikia ardhi. Maana bila matandazo pale hapalimiki, hilo nililiona mapema. Udongo ni mchanga, yaani mchanga kweli, unamwagilia mgomba ndoo 2 asubuhi ikifika saa 8 mchana ukifukua kwa kidole unakuta vumbi, alafu jua la Januari na Februari lile, ukivua ndala huwezi kusimama. Migomba 60 niliyopanda msimu wa kwanza ilibaki 22. Mipapai ilikaa, ila ikawa inazaa vipapai vidogo vidogo ambavyo hata sokoni unaona aibu kuvipeleka.

Basi nikawa nanunua. Maranda ya mbao kwa mafundi seremala Mbagala, maganda ya mpunga, nyasi kavu kwa vijana wanaofyeka viwanja vya watu, kila kitu kinapakiwa kwenye kirikuu, gari peke yake Sh 50,000 kwa safari, hapo hujawalipa wa kupakia na kushusha. Na kila kimoja kilikuja na shida yake. Maganda ya mpunga upepo wa kusi uliyachukua yote ukayapeleka kwenye uzio wa jirani. Maranda niliyaweka vizuri tu juu ya ardhi, tatizo kijana aliyekuwa ananisaidia akayalimia ndani kwa jembe akidhani ni mbolea, ndani ya wiki 3 mchicha wote ukawa wa njano kama umemwagiwa dawa. Baadae ndo nikaelewa, vile vidudu vinavyoozesha mbao vinahitaji nitrojeni, vikiwa ndani ya udongo vinainyang'anya mimea, maranda yakikaa juu tu hayana shida hiyo. Nyasi za vijana nazo zilikuja na mbegu zake, nikaanza kupalilia magugu ambayo shambani kwangu hayakuwepo kabisa.

Aliyenifumbua macho ni shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, Mhaya wa Muleba. Alikuja Desemba moja kututembelea, akazunguka shamba lote kimya kimya, akaona migomba ilivyo, akaona lile rundo la maranda, akaniuliza, "Shemeji, rweya yako iko wapi?" Sikumwelewa. Akanieleza kwamba kwao kuna kibanja, ndo shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba, na kuna rweya, ile mbuga ya nyasi nje ya kijiji, na toka enzi za mababu wanawake wanakata nyasi rweya wanazibeba kichwani kuja kuzitandaza kibanjani. Kibanja hakiishi kwa nguvu zake chenyewe, kinalishwa na rweya. Akasema pia kitu ambacho sijakisahau, kwamba rweya nyingi kwao zimechoka, maana zimetoa miaka na miaka na hakuna aliyezirudishia.

Nililala na lile swali. Mimi nilikuwa nafikiria matandazo ni takataka, kitu cha kuokota, kama mtu anavyookota kuni. Kumbe ni zao, linataka ardhi yake, mbegu yake, mbolea yake na msimu wake wa kuvunwa. Asubuhi yake tukapima pamoja kwa hatua, nikatenga karibu nusu eka upande wa kusini kwa ajili ya kulima majani tu. Mume wangu alishangaa, nusu eka kwenye eka 2 ni robo ya shamba, unaitoa kwa kitu ambacho huli wala huuzi? Alikubali kwa shingo upande na simlaumu.

Nilianza na glirisidia. Ni mti wa Amerika ya Kati na Meksiko, jamii ya mikunde, unarutubisha udongo na unachipua ukikatwa kama haujafanywa kitu. Rafiki yangu anayelima pilipili manga Muheza anaitumia kama nguzo hai, pilipili inapanda juu yake, akanipa vipando 100. Sasa hapa kuna kosa nataka mtu mwingine asilirudie. Vipando vilikatwa Juni, vikakaa siku 3 juani nyuma ya gari na kwenye kibaraza, alafu nikavipanda masika yashaisha. Vikachipua majani mazuri, nikafurahi, nikapiga picha, kumbe vile vijani ni akiba ya ndani ya mti tu, chini hakuna mzizi hata mmoja. Mpaka Agosti vilikuwa vimekauka zaidi ya 70, na vingine mchwa walishavila kwa ndani vikabaki maganda.

Mwaka uliofuata nikafanya tofauti. Vipando vya tawi lililokomaa, ngozi ishakuwa ya kijivu na sio kijani, unene kati ya kidole gumba na kifundo cha mkono, urefu mita 1 hivi, chini nimekata mshazari ili nijue upande upi unaingia ardhini (watu wanapanda kichwa chini, nimeona kwa macho yangu), nikaviweka kivulini siku 2 tu, nikapanda mwezi wa 3 mvua za kwanza kwanza za masika. Vilishika 85. Alafu nikaongeza mingine ya mbegu, na hii sahivi ndo naipenda zaidi, maana mti wa mbegu unapeleka mzizi chini moja kwa moja, wa kipando mizizi yake inatambaa juu juu, ukivuma upepo unalala na chakula unagombania palepale na mgomba.

Na hilo la kugombania ndo kosa langu la pili. Mistari ya mwanzo niliipanda mita 1 tu kutoka kwenye migomba, nikawaza majani yatadondoka yenyewe, sitabeba. Masika kila kitu kilikuwa kijani na nilijisifu sana. Kiangazi kilipofika migomba ya mstari ule ikaanza kukunja majani saa 4 asubuhi wakati ya katikati bado imenyooka. Nikachimba kidogo, nikakuta mizizi ya glirisidia imeshafika chini ya mgomba. Baadae nikaja kusoma kwamba hata watafiti wa IITA, ile taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo cha nchi za joto kule Ibadan, Nigeria, waliohimiza sana miaka ya 1980 kupanda mazao katikati ya mistari ya miti inayokatwakatwa, waliona wakulima wengi wakiacha, sababu miti na mazao vinagombea maji na mwanga, na kazi ya kukata kila mara ni kubwa. Sasa mimi miti yangu ya karibu kabisa iko mita 4 kutoka kwenye mgomba, mingi iko kwenye ile nusu eka yake na kwenye mpaka. Kubeba nabeba. Toroli moja la tairi kubwa limenisaidia kuliko vitu vingi nilivyonunua.

Hesabu nayo ilinipa somo. Kuna siku tulichukua mizani ya kupimia korosho tukapima. Mti wa glirisidia wa miaka 2, ukiukata kwa kimo cha kifua, ulitupa kati ya kilo 2 na 4 za majani na vijitawi laini. Na shina moja la mgomba, ukilifunika mduara wa mita 1 na nusu kila upande kwa unene unaoeleweka, lilimeza majani ya miti zaidi ya 10. Shina moja! Zidisha sasa kwa migomba 60. Hapo ndo utajua kwa nini mtu anapanda miti 20 kwenye uzio alafu anasema matandazo ya shambani hayawezekani. Yanawezekana ila panda mingi, mimi nina miti zaidi ya 500 ya glirisidia, nusu mita kwa nusu mita kwenye mistari, na bado haitoshi peke yake.

Haitoshi pia kwa sababu inaoza haraka mno. Unaweka rundo zuri linafika magotini, baada ya wiki 4 ukirudi unakuta vijiti na ule weusi mzuri juu ya mchanga, jani hakuna. Kama mbolea ni kitu kizuri sana, mgomba unaonyesha wiki ya pili tu jani jipya linatoka la kijani iliyokolea. Ila kama kinga ya jua la Januari umebaki uchi. Kwa hiyo nikajifunza kuchanganya, chini naweka laini linalooza haraka, juu yake naweka gumu linalokaa. Chakula chini, shuka juu, ndo ninavyomwambia kijana wangu.

Hilo la juu nalipata wapi? Kwanza mijohoro. Ilikuwepo 6 mikubwa kwenye mpaka toka kwa mwenye shamba wa zamani, nikaongeza 40. Watu wengi wanadhani mjohoro kwa kuwa ni wa jamii ya mikunde basi unatia nitrojeni ardhini, hapana, mjohoro hauna vile vinundu vya kutengenezea nitrojeni kwenye mizizi, ila majani yake yanakaa miezi, na matawi yake ni kuni safi kabisa, mkaa na gesi nimepunguza. Pili ni majani ya mikorosho ya jirani. Yeye kila mwaka kabla ya kuokota korosho anafagia chini ya miti anachoma, nikamwomba asichome, nitakuja kuyazoa mwenyewe, akakubali na bado ananishangaa. Jani la mkorosho ni gumu kama karatasi ya boksi, linadumu. Tatu makumbi ya nazi, hayo nayapanga kuzunguka mipapai, mvua ikinyesha yananyonya maji yanakaa nayo.

Nne ni mabingobingo, yale majani marefu ya kulishia ng'ombe, na hapa nina maneno mengi. Hakuna kitu kinachokupa mzigo mkubwa kama mabingobingo. Ukiyapa samadi na mvua unakata kila baada ya wiki 8 na unapata rundo linalokushinda kubeba. Nilipokata mara ya kwanza nilikuwa na furaha hata sielezi, nikakata yaliyokomaa, urefu wa mtu na nusu, nikayatandaza mabichi vilevile katikati ya migomba, mvua za Aprili zikanyesha siku 5 mfululizo. Yote yakachipua. Kila pingili ikashika mzizi, shamba la migomba likageuka shamba la mabingobingo, nimeng'oa miezi 4, na mpaka leo kuna pembe moja yanajitokeza. Sasa nayakata machanga kabla hayajafunga pingili, au yakinizidi umri nayaanika juu ya mawe na magogo wiki nzima mpaka yakauke kabisa, ndo yanaingia kwenye migomba. Na siyaweki wakati wa mvua kubwa, hata kama yanaonekana makavu.

Alafu nikumbushe yale maneno ya shemeji kuhusu rweya iliyochoka. Mabingobingo yanakula sana, ukikata unabeba potasiamu na kila kitu unahamishia kwenye migomba, ukiendelea hivo miaka 3 bila kurudisha yanakuwa membamba na ya njano. Mimi narudishia samadi ya mbuzi na majivu ya jikoni, na mwaka mmoja kwa kila mitatu kipande kimoja nakipumzisha kwa marejea.

Marejea nayo nisiipite hivihivi. Ni ule mmea wenye maua ya njano na maganda yanayolialia yakikauka, wamisionari wa Peramiho kule Songea walifanya kazi kubwa kuusambaza kwa wakulima, na jina lenyewe linasema, rutuba inarejea. Unamwaga mbegu mvua zinapoanza, miezi 2 na nusu mpaka 3 unachanua, unaukata ukiwa unachanua kabla mbegu hazijakomaa, unauacha palepale ulale. Kwenye mchanga wetu kuna faida nyingine ambayo naijali kuliko hata nitrojeni, inapunguza wale minyoo wadogo wa ardhini wanaofanya mizizi ya nyanya na bamia ivimbe mafundo. Pale nilipolaza marejea bamia zangu zilisimama, pale ambapo sikuweka zilidumaa, nimeona misimu 2.

Na mbaazi. Mbaazi kwangu ni rafiki wa kweli, maana inafunika, inadondosha majani yenyewe, mzizi wake unatoboa chini, na mwisho wa siku unapika mbaazi za nazi asubuhi na chapati. Mume wangu alianza kuikubali nusu eka yangu siku tulipovuna gunia la kwanza la mbaazi humo humo kwenye majani. Mashina nayavunja kwa kuni, au nayakatakata kwa panga nayaweka chini kabisa ya tandazo.

Kuna mimea 2 watu wanaisifu sana na mimi sikufika nayo mbali. Alizeti pori, ile yenye maua makubwa ya njano barabarani Lushoto, na magharibi ya Kenya wakulima wanaitumia sana kwenye mahindi kwa sababu jani lake lina nitrojeni, fosforasi na potasiamu nyingi, majani yake makavu nitrojeni peke yake inafika kama 3.5 kwa mia. Ni kweli ni nzuri. Ila kwenye mchanga wangu mkavu ilidumaa, imekubali sehemu moja tu, pale maji ya kuoshea vyombo yanapomwagika, na hapo naikata kila mwezi naiweka kwenye mchicha. Ukiwa mlimani penye ubaridi na unyevu usinisikilize mimi, ipande, ila ikate kabla haijatoa mbegu.

Nyingine ni lusina, mti mwingine wa jamii ya mikunde. Nilipewa mbegu na mtu kwa nia njema kabisa, nikazimwagia maji ya moto ziote upesi, zikaota. Inakua kwa kasi kweli, na mbuzi wanaipenda. Lakini msimu mmoja tu ukichelewa kukata inatoa maganda elfu, yanapasuka, na mwaka unaofuata una vichipukizi kama manyoya, mpaka kwenye shamba la jirani, tena vimeshika chini huvitoi kwa mkono. Iko kwenye ile orodha ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani. Na jani lake lina sumu kwa wanyama wasiocheua, sungura wa watoto wa jirani walinyonyoka manyoya baada ya kulishwa hiyo wiki kadhaa, nilijisikia vibaya sana maana majani yalitoka kwangu. Niling'oa yote 2021. Glirisidia inafanya kazi ileile na haikusumbui kiasi hicho.

Sasa moto. Hili nilichelewa kulisema na ndo lingetakiwa liwe la kwanza. Septemba 2019 mtu alikuwa anasafisha shamba lake kwa moto, kama wengi wanavyofanya kabla ya vuli, upepo ukageuka, na mimi nilikuwa nimetandaza majani makavu ya mkorosho na nyasi mpaka kwenye mpaka kabisa, nene, najisifia. Moto ulitembea juu ya matandazo kama mtu kamwagia mafuta ya taa. Tulipoteza migomba 17, mipapai 9, na mipira yote ya maji iliyeyuka. Nilikaa chini ya mwembe nikalia, sikuwa na hasira na mtu, nilikuwa nimechoka tu. Ndo nikajua kwamba mtu akitandaza majani makavu anakuwa ameweka kuni shambani, na anatakiwa ajipange hivo. Sahivi nina ukanda wa mita 3 kuzunguka shamba lote ambao hauna jani kavu hata moja, nimepanda matembele, yako kijani mwaka mzima nikiyamwagilia kidogo na mboga tunapata. Makavu yanakaa katikati ya shamba, pembezoni naweka mabichi tu. Na kila Agosti nazunguka kwa majirani mmoja mmoja nikiwaomba wakitaka kuchoma waniite, tukae wote na madebe ya maji. Wananiita.

Kuhusu mchwa, maana hilo ndo swali la kila mtu wa pwani. Ndiyo, wanakula matandazo. Mwanzoni nilipigana nao, nimeweka majivu, nimeweka majani ya mwarobaini, sikuona tofauti ya kueleweka. Kuna babu jirani, mzee wa hapo hapo Mkuranga, siku moja nalalamika akaniambia, "Mwanangu, mchwa hana jembe lakini analima. Mwache ale makavu, akikosa makavu ndo atakula mpapai wako." Nikachunguza nikaona ana hoja. Pale wanapokula matandazo ardhi inakuwa na vitundu vingi, maji ya mvua yanazama badala ya kutiririka. Hata yule mzee maarufu wa Burkina Faso, Yacouba Sawadogo, aliyefariki 2023, alirudisha msitu kwenye ardhi iliyokufa kwa kuchimba mashimo na kuweka samadi, na mchwa waliovutwa na ile samadi walikuwa sehemu ya kazi, wao ndo waliofungua udongo. Ninachofanya mimi ni kuongeza kile wanachokula, na kuacha nafasi ya futi 1 tupu kuzunguka shina la mti mchanga wowote. Miche ya michungwa ya mwaka wa kwanza siifuniki kabisa na majani makavu, naweka mabichi tu, kidogo kidogo.

Ile futi 1 ni muhimu hata kwenye mgomba, kwa sababu ya yule fukusi mweusi anayetoboa tunguu, ile sehemu nene ya mgomba iliyo ardhini. Anapenda penye giza na unyevu karibu na shina. Na mgomba ukishavuna mkungu usiache gogo zima limelala pale, ndo nyumba yake anazaliana humo. Ninalipasua katikati kwa urefu, nalikata vipande, naliweka mbali na mashina upande wa ndani ukitazama jua mpaka likauke, baada ya hapo ni tandazo zuri sana, lina potasiamu nyingi lile.

Lakini nikiambiwa nichague kitu kimoja cha kumwambia mtu anayeanza, nitamwambia kuhusu wakati. Matandazo yanahifadhi kilichopo. Ukifunika ardhi iliyolowa unafungia maji ndani, ukifunika ardhi kavu unafungia ukavu ndani, alafu vile vimvua vidogo vya pwani vya dakika 10 vinaishia kwenye majani havifiki chini kabisa. Mwaka 2018 nilifunika Septemba ardhi imekauka, mvua 3 za kwanza za vuli zote zilibaki juu, nikafukua nikakuta vumbi. Kwa hiyo mkato wangu mkubwa ni mwisho wa mwezi wa 5, masika yanaondoka na ardhi imeshiba, hapo nakata glirisidia yote, mijohoro matawi ya chini, mabingobingo, natandaza nene kweli, kwenda juu karibu na goti, baada ya wiki 2 inakuwa imelala inafika kwenye kifundo cha mguu. Faida nyingine ni kwamba glirisidia ukiiachia bila kukata, kiangazi inadondosha majani yote inachanua maua ya waridi, inapendeza ila huna cha kukata. Ukiikata Mei inachipua upya na inabaki na majani kiangazi chote. Mkato wa pili ni Oktoba mwishoni, mwepesi, laini tupu, kama mbolea ya vuli. Wa tatu Januari kama mvua za vuli zilikuwa nzuri, zikiwa mbaya siikati, naiacha ipumue.

Sahivi migomba iko 74. Kumwagilia nilikuwa namwagilia kila siku kiangazi, sasa mara 2 kwa wiki na simtanki moja inanifikisha. Mchanga bado ni mchanga ukichimba, lakini juu kuna weusi wa kama vidole 3, na ukiinua majani asubuhi unakuta nyungunyungu, wale minyoo wakubwa wa udongo, ambao 2017 ningekuambia Mkuranga hawapo. Shemeji alirudi mwaka juzi, akaenda moja kwa moja kule kusini kwenye nusu eka, migomba hata hakuitazama kwanza. Akasimama katikati ya glirisidia, akavunja jani akanusa, akaniuliza hii nayo unairudishia nini? Nikamwonyesha rundo la samadi.

Babu jirani naye ameomba vipando 40. Alikuja juzi na panga lake tayari, nikamwambia shikamoo babu, vipando vyako vipo na sivigawi kwa mtu mwingine, ila tuvikate mwezi wa 3, vya Juni vitakufia.